Vinasaba vyaweza kumfichua dumuzi kabla ghala halijageuka unga

KWA Watanzania wengi, neno vinasaba huleta picha mbili tu: Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na baba anayebisha kwamba mtoto si wake. Hata Sheria ya Udhibiti wa Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, kama jina lake linavyosema, inahusu watu.

Lakini kila kiumbe huacha vinasaba vyake anapopita, majini, udongoni, katika vumbi na hata hewani, na wanasayansi wamejifunza kuvisoma bila kumwona mwenyewe. Njia hiyo ilianza kusikika mwaka 2008, baada ya maji ya madimbwi nchini Ufaransa kufichua kuwapo kwa chura vamizi kutoka Amerika. Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, walieleza walivyomnasa mdudu mharibifu mwenye asili ya Asia kwa kupima maji yaliyooshea mazao.

Hapo ndipo suala hili linapoigusa Dodoma. Nyanda kame za kati zina msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, na mkulima wa Kongwa au Chamwino akipoteza mavuno hana msimu wa pili wa kufidia. Wadudu wageni nao hugunduliwa wakiwa wamekwisha kukita mizizi. Dumuzi, mwenye asili ya Amerika ya Kati, alibainika mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati mahindi ya ghalani yanageuka unga. Wapo wakulima waliombatiza Scania, kama lori. Kiwavijeshi vamizi aliripotiwa nchini mwaka 2017, mwaka mmoja tu baada ya kuonekana Afrika Magharibi.

Kama kuna mahali pa kuanzia, ni soko la nafaka la Kibaigwa, ambako mahindi ya wilaya nyingi hukutana. Vumbi la magunia machache lingeweza kueleza mengi kuhusu shehena nzima.

Kwelea kwelea ni habari nyingine. Kundi la mamilioni linaloshukia mtama halihitaji maabara ili litambuliwe. Kila ndege hula takriban gramu 10 kwa siku, na kinachotakiwa ni dawa kunyunyiziwa mapema. Shilingi itakayotumika kuwapima vinasaba itakuwa imetupwa.

Hata kwa dumuzi, majibu si ya mkato. Kipimo hakisemi kama mdudu yu hai au alikufa safarini, wala hakihesabu wako wangapi. Jua kali la Dodoma huharibu vinasaba vilivyo wazi. Mitego ya harufu, inayovuta wadudu, ni rahisi zaidi na imezoeleka, ingawa humnasa tu aliye hai na anayeruka.

Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, makao yake yako Arusha. Sampuli ya Kibaigwa ikisafirishwa mbali na kusubiri foleni ya maabara, jibu litakuwa sahihi lakini limechelewa. Lori lililopakiwa Kibaigwa asubuhi laweza kuwa Dar es Salaam usiku huo huo, likiwa na chochote kilichomo ndani ya magunia.