Msimvute Mtoto Sikio

Dhana iliyokita katika vichwa vya wazazi wengi wa Ukonga, tangu Mazizini hadi Mongolandege, ni kwamba mchezo na hesabu ni mahasimu wasioweza kukaa nyumba moja. Kwamba mtoto akishika kidude cha gemu akili yake humwagika kama maji mchangani, na kwamba hisabati haimwingii mtu ila akiwa amekunja uso, amenyamaza kimya, na fimbo iko karibu. Dhana hii nimeisikia barazani, sokoni na ndani ya daladala, na maadamu waisemao ni watu wa makamo wenye heshima zao, haijapata kutakiwa burhani. Mimi leo naitakia.

Jioni moja, nikikatiza vichochoro kutoka barabara ile ambayo wazee bado huiita ya Pugu, nilisimama mlangoni mwa kibanda kimoja cha gemu: mabati matupu, televisheni moja kuukuu, na watoto sita wamebanana katika benchi la watu watatu. Ukutani palichorwa kwa mkaa msimamo wa ligi yao, pamoja na mabao ya kufunga, ya kufungwa, na tofauti. Mtoto mmoja, nadhani wa darasa la sita, ambaye timu yake ilikuwa na hasi tatu, alikuwa akiwaeleza wenzake, pasipo kalamu wala karatasi, kwamba akishinda mechi zake mbili zilizobaki kwa mabao mawili mawili atapanda hadi chanya moja, na kwamba yule aliye juu yake, wakilingana alama, hatakuwa na pa kushika. Hajamaliza maneno, baba yake akaingia, akamshika sikio, akamtoa nje mbele ya wenzake wote, huku akimfokea aende nyumbani akasome hesabu.

Sina shaka kwamba mzee yule anampenda mwanawe. Walakini alimtoa katika hesabu akampeleka kwenye hofu ya hesabu.

Tutazame hofu hiyo ilikotufikisha. Katika mtihani wa kidato cha nne, hisabati ndilo somo ambalo watahiniwa wengi huanguka mwaka nenda mwaka rudi, hata ikawa katika miaka hii ya karibuni waliofaulu ni yapata mmoja katika watano, na mwaka ukiwa mwema, mmoja katika wanne. Wengi wa hao walioanguka hawakufundishwa hisabati na gemu. Walifundishwa kwa ubao, chaki na fimbo, na aliyekosa jibu alisimamishwa achekwe. Lau kukunja uso kungekuwa ndiko kunakofundisha, nchi hii ingekuwa inasafirisha wanahisabati kama inavyosafirisha korosho.

Na ajabu ni kwamba wazee hao hao wanaolaani mchezo, ukiwakuta alasiri chini ya mwembe, wamelizunguka bao. Mashimo 32, kete 64, na mchezaji hodari, kabla hajagusa hata kete moja, amekwisha kuona kete ya mwisho itaangukia shimo gani, kama atakula au atalala, na mwenzake atajibu nini. Hiyo ni hesabu, tena si ya kitoto. Mwalimu Nyerere alilipenda bao, wala sikumsikia mtu akisema kwamba lilimpotezea akili. Basi kwa nini mchezo uwe hekima ukiwa juu ya ubao wa mti, na ukihamia kwenye kioo uwe uhuni?

Mtu atasema hayo ni maneno ya barazani. Aende Tanga. Tangu mwishoni mwa mwaka 2017, katika vijiji yapata 170 vya mkoa ule, watoto karibu 3,000, ambao wengi wao hawakuwa wamekanyaga darasa, walipewa tableti zenye michezo na masomo ya kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, katika shindano la Global Learning XPRIZE. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja ilikuwa imepungua kwa karibu nusu, na mwezi Mei 2019 zawadi ya dola milioni 10 ikagawanywa baina ya timu mbili zilizoshinda, onebillion na Kitkit School. Watoto wale hawakuwa na mwalimu wa kuwasimamia mbele ya tableti zile, seuze fimbo.

Sisemi kila mchezo una heri. Mashine za kamari nazo ni michezo, na hesabu yake anaijua mwenye mashine peke yake. Wala siwasifu mafundi wanaotengeneza gemu ambamo sungura hukimbia, kisha husimamishwa kama gari kwenye mizani aulizwe saba mara nane, halafu huachiwa akimbie tena. Hiyo ni shubiri iliyopakwa asali: mtoto hulamba asali, shubiri akaitema. Fundi mwenye ustadi huiweka hesabu tumboni mwa mchezo, kama ilivyo katika bao, ambako huwezi kuitoa ukabakiwa na kitu cha kucheza.

Na mali ya kutengenezea tunayo hapa hapa. Nipeni gemu ambamo mtoto ni konda wa daladala litokalo Gongo la Mboto: abiria anatoa noti ya elfu tano kwa nauli ya watu watatu, mmoja wao mwanafunzi, mwingine anashuka kituo cha Banana, na dereva anadai fedha ya mafuta. Akikosea chenji, abiria atalalamika au hesabu ya tajiri itapungua jioni, naye ataanza safari upya, pasi na mtu wa kumcheka. Atakosea mara ishirini bila aibu, na ya ishirini na moja atapata.

Ewe mzazi mwenzangu, utakapomfuata mwanao kibandani jioni ya leo, simama kwanza mlangoni, umuulize timu yake ina tofauti ya mabao mangapi, na umsikilize anavyoipata.