Tepe ya propela isifiche ufa

Anayetafuta tepe ya kukinga ukingo wa mbele wa propela kwa kawaida huuliza kwanza ipi ni ngumu zaidi. Ni swali la haki, lakini linakuja mapema mno. Kabla yake kuna mengine mawili: propela yenyewe imetengenezwa kwa nini, na fundi ataukaguaje ukingo huo ukishafunikwa? Kwa ndege nyepesi zinazotua kwenye viwanja vya changarawe vya Serengeti, Ruaha, Maasai Mara au Kidepo, naona majibu yanaelekea upande mmoja, hata kama wauza tepe hawatafurahi kuyasikia. Propela ya alumini ibaki wazi. Propela ya mbao au ya nyuzi za kaboni isiyo na ukingo wa chuma kutoka kiwandani ivishwe tepe nyembamba, laini na angavu, na mwenye ndege ajue tangu siku ya kwanza kwamba amenunua kitu cha kutupwa.

Tuanze na alumini, kwa kuwa ndiyo iliyo kwenye Cessna nyingi za injini moja. Propela yenye kipenyo cha mita 1.9 ikizunguka mara 2,700 kwa dakika, ncha zake hukimbia kwa zaidi ya kilomita 950 kwa saa. Kokoto iliyojilalia chini haina haja ya kurushwa na yeyote. Rubani akiongeza nguvu ya injini ndege ikiwa imesimama, hewa huzunguka kama kimbunga kidogo chini ya propela, ikainyanyua kokoto na kuipeleka kwenye mapanga. Kinachobaki ni pengo dogo ukingoni, pengine halizidi punje ya mchele, ila nguvu zote zinazolivuta panga hukusanyika hapo. Mzunguko baada ya mzunguko, metali huchoka, ufa huanza, na ufa usipogunduliwa ncha hukatika. Propela iliyopoteza ncha ya panga moja hutikisa kwa nguvu inayoweza kuing'oa injini kwenye vishikizo vyake. Ndiyo maana fundi na rubani hupitisha kidole kwenye ukingo kabla ya safari, na pengo likionekana, likiwa bado ndani ya kipimo kinachoruhusiwa na mwongozo, hulainishwa kwa tupa na msasa mpaka liwe bonde lenye mteremko mpole.

Sasa bandika tepe juu ya ukingo huo. Kokoto nzito itaubonyeza hata ikipitia tepe, maana unene wake ni sehemu tu ya milimita, lakini kidole hakitalihisi pengo lililo chini. Maji nayo hupenya pembeni gundi inapoachia, na kwa ndege zinazozunguka Mafia, Zanzibar na Lamu maji hayo huja na chumvi, ambayo itaila alumini mahali pasipofikiwa na jicho. Tepe imezuia mikwaruzo ya vumbi, jambo ambalo alumini ingelistahimili, na imeficha pengo, jambo ambalo alumini haivumilii.

Watu wa hesabu watapinga kwamba kila tupa inapopita huondoka na metali, na panga likipungua chini ya upana unaoruhusiwa halitumiki tena. Ni kweli, na propela mpya si ya bei ya kuchezea. Lakini hoja hiyo ingekuwa na uzito kama tepe ingezuia kokoto. Kinachozizuia ni uwanja uliofagiliwa, na rubani anayeongeza nguvu taratibu huku ndege ikianza kujongea badala ya kusimama juu ya changarawe na kuijaribu injini hapo hapo. Mwenye ndege anayelalamikia gharama ya tupa aanze na ufagio.

Mbao na nyuzi za kaboni ni habari nyingine. Hapa adui mkuu ni mchanga na mvua, vinavyokula rangi, kisha utomvu unaoshika nyuzi, kisha nyuzi zenyewe. Na mbao ikishafunguka hunywa maji, ikavimba na kupoteza ulinganifu wa uzito. Tupa haiponyi vidonda vya namna hiyo. Watengenezaji kadhaa huvisha ukingo wa nikeli kiwandani, na aliyeupata hahitaji ushauri wangu. Kwa wengine, ubishi huwa kati ya tepe ya poliurethani na kipande chembamba cha chuma kinachobandikwa.

Wengi huamini chuma ndicho kitakachodumu. Historia ya helikopta inasema vinginevyo. Tepe za poliurethani za 3M zilianza kutumika katika miaka ya vita vya Vietnam, kulinda mapanga ya helikopta dhidi ya mchanga na uchafu, na familia hiyo hiyo ya bidhaa ndiyo iliyozaa ngozi angavu zinazolinda rangi za magari leo. Siri yake ni ulaini: chembe ya mchanga ikiipiga, inabonyea na kurudi, ilhali chuma huchongwa kidogo kidogo. Kwenye mvua mambo hugeuka. Tone la maji kwa kasi ile hupiga kama nyundo, na hapo chuma huvumilia vizuri zaidi huku poliurethani ikichanika na kuinuka kingo. Kwa hiyo anayeruka Tsavo wakati wa kiangazi na anayepita kwenye mawingu ya masika hawapaswi kuipangia tepe umri mmoja. Hata hivyo sioni sababu ya kukimbilia kipande cha chuma cha kubandika, kwa kuwa kina uzito zaidi, hakipanuki kwa joto sawasawa na nyuzi zilizo chini yake, na kikibanduka angani ni wembe uliorushwa.

Uzito huo si jambo la kupuuza. Gramu moja iliyo karibu na ncha ya propela niliyoitaja huvuta kuelekea nje kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 8. Kipande cha gramu hiyo moja kikiruka kutoka panga moja, mtetemo utabisha hodi kwenye injini mara 45 kila sekunde. Vipande vikatwe kwa urefu mmoja na vipimwe kwenye mizani, na kimoja kikichanika vyote vitolewe. Kuweka kiraka upande mmoja ni kujitafutia balaa.

Yupo atakayesema tepe hupunguza msukumo wa propela. Hupunguza, kwa sababu kingo zake huikatisha hewa njiani, na kwenye uwanja wa ndege wa Wilson, karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, kwenye joto la mchana hakuna msukumo wa kugawa bure. Hoja hiyo inakataa tepe nene na kingo zilizobandikwa kizembe. Haikatai tepe nyembamba. Kuhusu sheria sina ubishi: ndege yenye cheti hufuata mwongozo wa mtengenezaji wa propela, na mwongozo usiporuhusu tepe, hakuna rubani wala fundi wa kuiruhusu. Ndege nyepesi kabisa zisizobanwa hivyo zina uhuru zaidi, ila uhuru huo hauondoi haja ya kuandika kwenye kitabu cha ndege tarehe tepe ilipobandikwa na siku ilipotolewa ili ukingo ukaguliwe.

Limebaki suala la rangi, linaloonekana la urembo tu. Tepe nyeusi hupendeza kwenye propela ya kaboni, na hustahimili jua kuliko ile angavu, ambayo huelekea kugeuka manjano. Ningechagua angavu hata hivyo. Kupitia kwake fundi anaona kiputo cha hewa, unyevu na ufa wa rangi bila kubandua chochote, na ikianza kuwa ya manjano imemjulisha yenyewe kwamba muda wake umekwisha.