Baada ya figo mpya

Mhariri,

Tangu Aprili 2025, Wizara ya Afya iliposimamisha upandikizaji figo katika hospitali ya Mediheal kule Eldoret kwa madai ya biashara ya viungo, hapa Ukunda gumzo ni bei na madalali tu. Sawa, wachunguzwe. Lakini maisha baada ya upasuaji nani anayazungumzia?

Aliyepewa figo humeza dawa za kupunguza kinga kila siku, kwa saa zile zile, maadamu figo hiyo inafanya kazi. Akiziacha, mwili huikataa. Akizimeza, maradhi humpata kwa wepesi, hata kifua kikuu kilicholala huweza kuamka. Tena takrolimasi na steroidi zaweza kumletea kisukari. Ndiyo maana damu yake hupimwa mara kwa mara na dawa kurekebishwa.

Msambweni kuna mashine za kusafisha damu, twashukuru. Sasa kaunti ya Kwale ihakikishe vipimo na dawa hizo vinapatikana huku huku, mgonjwa asilazimike kuvuka feri ya Likoni au kuzunguka Dongo Kundu kila zinapokwisha. Siku chache bila dawa zaweza kuiharibu figo aliyopewa na nduguye.

Msomaji,
Ukunda