Mzimamoto Aliyewasemea Wenzake

Mtu avaaye sare hupimwa kwa mambo mawili: jinsi anavyotii amri wakati wa hatari, na jinsi anavyosema kweli wakati wa utulivu. La kwanza hufundishwa katika kila uwanja wa gwaride. La pili halina filimbi wala mwalimu, na wengi wetu hufikia kustaafu pasipo kulijua. Leo twapenda kuwakumbusha wasomaji wetu, askari wa jeshi na wa polisi, maisha ya mtu aliyeyajua yote mawili. Hakuwa mwanajeshi wala polisi. Alikuwa mzimamoto wa London, jina lake John Horner, aliyefariki dunia mwaka 1997 akiwa na umri wa miaka 85.

Huenda msomaji akauliza: Mwingereza huyu, tena kiongozi wa chama cha wafanyakazi, ana lipi na sisi ambao kwa kiapo chetu hatuna chama wala mgomo? Swali hilo ni la haki. Twamwomba msomaji avute subira, kwani jibu lake limo ndani ya maisha yenyewe.

Horner alizaliwa Walthamstow, upande wa kaskazini mashariki ya London, tarehe 5 Novemba 1911. Waingereza huwasha mioto ya sherehe usiku wa tarehe hiyo kila mwaka, hata twaweza kusema kwamba mtoto huyu alipokewa duniani kwa moto. Alipokuwa kijana alifanya kazi ya ubaharia katika meli za biashara, kisha katika miaka ya 1930 akaingia Kikosi cha Zimamoto cha London. Njia hiyo ilikuwa imepitiwa na wengi. Tangu kikosi kilipoundwa upya mwaka 1866, wakuu wake walipenda kuandika mabaharia, kwa sababu baharia amezoea zamu za usiku na mchana, kupanda juu bila kizunguzungu, na kutii neno la kwanza bila kungoja la pili. Nidhamu, basi, Horner alikuja nayo kutoka baharini.

Hapa hatuna budi kurudi nyuma kidogo, maana polisi watapenda kujua habari hii. Mwezi wa Agosti 1918 polisi wa London waligoma kwa ajili ya mishahara. Mwaka uliofuata Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyowakataza polisi kujiunga na chama cha wafanyakazi. Wazimamoto hawakufungwa na sheria hiyo. Wao walibaki na chama chao, ingawa walivaa sare, walipangwa kwa vyeo, waliamkia wakubwa wao na kuadhibiwa kwa kanuni za nidhamu kama askari yeyote. Hivyo ndivyo mzimamoto wa Uingereza alivyokuwa mtu wa pande mbili: askari mbele ya moto, mfanyakazi mbele ya mwajiri.

Mwaka 1939, vita vikuu vikiwa mlangoni, wenzake walimchagua Horner kuwa Katibu Mkuu wa chama chao. Alikuwa na umri wa miaka 27 tu. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ngumu kuliko umri wake. Serikali ilikuwa imeunda Kikosi cha Akiba cha Zimamoto mwaka 1938, kikajaa makarani, madereva, wachoraji, mafundi na wauza maduka. Walilipwa pauni 3 kwa juma mwanamume na pauni 2 mwanamke. Wazimamoto wa kudumu wengi waliwatazama wageni hawa kwa jicho la mashaka, wakiona kwamba wamekuja kushusha thamani ya kazi ambayo wao waliipata kwa jasho. Wazee wa chama walitaka mlango ufungwe. Horner akasema ufunguliwe: anayesimama kando yako mbele ya moto huo huo ni mwenzako, awe wa kudumu au wa akiba. Mlango ukafunguliwa, na chama kilichokuwa na watu elfu chache kikawa na makumi ya maelfu.

Katika miezi ya kwanza ya vita mabomu hayakuanguka London. Wananchi wakaanza kuwadhihaki wazimamoto wa akiba, wakiwaita watoro wa jeshi wanaokula mshahara wa bure. Kila askari aliyewahi kulinda daraja mwaka mzima bila adui kutokea anajua uchungu wa maneno ya namna hiyo.

Dhihaka hizo zilikoma tarehe 7 Septemba 1940. Jioni hiyo ndege za Ujerumani zilichoma bandari za London, na kwa muda wa usiku 57 mfululizo mji ulipigwa. Katika maghala ya bandarini kila bidhaa iliungua kwa namna yake. Mapipa ya pombe kali yalipasuka kama mizinga. Mpira ulitoa moshi mweusi usiovutika. Magunia ya pilipili yaliijaza hewa ukali, hata watu wakahisi wanavuta moto wenyewe. Karani wa jana alishika mpira wa maji usiku kucha huku kuta zikimwangukia. Usiku wa tarehe 29 Desemba mwaka ule ule moto ulizunguka Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, na maji ya mto Thames yalikuwa yamekupwa mno hata pampu zikashindwa kuyafikia. Katika London peke yake, wazimamoto 327 walipoteza maisha yao katika vita ile.

Basi tuangalie watu hawa waliishi vipi. Wengi wa kikosi cha akiba walikuwa na sare moja tu. Mtu alirudi kutoka motoni amelowa hadi mifupani, na kengele ikilia tena alivaa sare ile ile yenye maji. Aliyeumia kazini alilipwa kwa majuma machache, kisha akaachishwa kama chombo kilichovunjika. Baadaye zamu ikawa saa 48 za kazi kwa saa 24 za mapumziko. Isitoshe, kila mji ulikuwa na kikosi chake na vifaa vyake, na ilitokea kikosi cha mji jirani kufika kusaidia kikakuta viungio vya mipira yake haviingiani na vya wenyeji. Maji yapo, moto upo, watu wapo, lakini mpira haushikani na mpira.

Horner alifanya nini? Hakuwaambia watu wake waweke mipira chini. Moto hauna subira ya kungoja mazungumzo, na aliyefunikwa na kifusi haulizi mshahara wa anayemfukua. Lakini moto ulipozimwa, alichukua kalamu na kwenda kwa wakubwa. Alidai sare ya pili. Alidai malipo ya majeruhi. Alidai chakula na mahali pa kulala pa mtu aliyekesha. Serikali ilipounganisha vikosi vyote kuwa Kikosi cha Taifa mwezi wa Agosti 1941, yeye na chama chake walishirikiana nacho, wala hawakuacha kukikumbusha wajibu wake. Madai hayo hayakuidhoofisha kazi. Mtu mwenye sare kavu, anayejua kwamba akiumia familia yake haitalala na njaa, huingia motoni akiwa na moyo mmoja.

Kisa kinachogusa zaidi ni cha mwaka 1951. Kwa miaka mingi mshahara wa mzimamoto ulikuwa umefuatana na wa konstebo wa polisi. Polisi waliongezewa baada ya uchunguzi wa mwaka 1949, wazimamoto wakaachwa nyuma. Mwezi wa Novemba 1951 walionyesha uchungu wao kwa muda wa saa 48. Walikataa kusugua shaba, kupiga deki na kushiriki kazi za fatiki vituoni. Lakini kengele ya moto ilipolia, walikwenda. Hakuna nyumba iliyoachwa iungue. Hata hivyo walifunguliwa mashtaka ya nidhamu, na usawa na polisi hawakuupata. Twalisema hilo wazi, kwa kuwa si kila neno la haki hushinda siku linaposemwa.

Gazeti hili halimtaji Horner ili askari waige kitendo hicho. Kiapo chetu ni kingine, na amri ya halali hutekelezwa pasipo kuchagua. Twamtaja kwa sababu ya mpaka aliouheshimu: hakuruhusu dai la mzimamoto limdhuru mwananchi. Aliongoza chama kwa miaka 25, na katika muda huo wote hapakuwa na mgomo wa taifa zima. Mgomo wa kwanza wa namna hiyo ulikuja Novemba 1977, yeye akiwa amekwisha ondoka, na ndipo askari wa jeshi walipoamriwa kushika mipira wakiwa na magari ya kijani yaliyoundwa katika miaka ya 1950. Askari hao hawakuulizwa maoni. Walikwenda, wakazima moto kwa vifaa vilivyopitwa na wakati, na wengi wao walikuwa na mshahara mdogo kuliko wale waliogoma.

Horner alikuwa mtu wa msimamo hata alipokosea njia. Alijiunga na chama cha Kikomunisti mwaka 1945, na mwaka 1956 majeshi ya Urusi yalipoingia Hungaria akajitoa, ingawa kujitoa kulimpotezea marafiki. Mwaka 1964 aliacha ukatibu akachaguliwa kuwa Mbunge wa Oldbury na Halesowen, akakaa Bungeni hadi 1970. Mwaka 1974 alichapisha kitabu juu ya sauti ya mfanyakazi mahali pa kazi. Kisha akaishi maisha ya mstaafu, naye hakusahaulika kwa wale aliowasemea.

Sasa turudi kwa swali la msomaji. Mwandishi wa maneno haya, alipokuwa luteni mpya aliyetoka chuo cha kadeti, alikuwa na askari mmoja ambaye kila asubuhi aliripoti kwamba soli ya buti lake imeachia. Kila asubuhi nilimjibu kwamba stoo haina buti, nikapita. Sikuandika barua. Sikwenda stoo mwenyewe. Katika matembezi ya usiku askari yule aliteleza kwenye mawe, akavunjika mguu. Alipobebwa kwenye machela hakunilaumu, alisema tu, "Afande, niliripoti." Maneno hayo mawili sijayasahau hadi leo.

Mzimamoto wa Uingereza alikuwa na chama. Askari wetu hana, na haitakiwi awe nacho. Lakini haifuati kwamba askari hana wa kumsemea. Chama cha askari ni kamanda wake. Sajini ndiye katibu wake, na ofisa wa kombania ndiye anayepaswa kubisha hodi kwa wakubwa kwa niaba yake. Sheria ilipomnyima askari mgomo, ilimtwika ofisa mzigo wa kusikiliza. Ofisa anayeona malalamiko ya askari kuwa ni utovu wa nidhamu ameacha lindo lake, sawasawa na mlinzi aliyelala.

Kwa askari wa vyeo vya chini tunasema: ripoti kwa ngazi zake, kwa adabu na kwa ukweli, wala usichoke, na kengele ikilia nenda kwanza. Kwa maofisa na wakuu wa vituo vya polisi tunasema: kagueni mabweni, si bunduki peke yake. Ulizeni habari za mjane wa askari aliyefia kazini, na barua yake imelala mezani kwa nani. Mkono usiokunjuka haupokei kitu, na sikio lililozibwa halipokei taarifa, hata taarifa ya adui.

John Horner alizaliwa usiku wa mioto akaishi katikati ya mioto. Sifa yake haikuwa kuzima moto tu, kwani wengi walifanya hivyo na wengine wakafa. Sifa yake ni kwamba moto ulipozimika hakuwasahau waliouzima. Kila mwenye cheo begani na ajiulize leo, kabla ya paredi ya jioni: ni nani katika watu wangu ameripoti, nami nikapita?