Viumbe vya Milimani: Panzi Asiye na Mabawa

Mithali ya Waswahili husema kwamba vita vya panzi ni furaha ya kunguru, na kwa kusema hivyo humhesabu panzi kuwa kiumbe duni asiye na akili. Watoto wachungao mbuzi humkamata kwa mchezo, kuku humla, na mkulima humtazama kwa jicho baya kwa sababu ya udugu wake na nzige. Hata hivyo wako watu wa elimu kubwa ambao hupanda milima mirefu kwa miguu, katika mvua na baridi, ili kumtafuta panzi mmoja tu. Yafaa msomaji ajue ni kitu gani wanachokitafuta huko, na jinsi kazi yao inavyofanyika.

Mtu apandaye Kilimanjaro huacha kwanza migomba na kahawa ya Wachagga, kisha huingia katika msitu mnene wenye ukungu. Afikapo yapata futi 10,000 juu ya bahari, miti mikubwa huanza kwisha, na mbele yake hutandaa vichaka na majani magumu yaotayo kwa mafungu. Mchana jua huchoma. Usiku umande huganda ukawa barafu. Mlima Kenya, Aberdare na Elgon ni hivyo hivyo. Humo majanini, karibu na udongo, huishi panzi wenye vichwa vilivyochongoka, ambao mabawa yao ni vipande vidogo visivyoweza kuwachukua, au hayapo kabisa.

Mgeni akimwona panzi wa namna hii hudhani kwamba ni mtoto, kwa kuwa panzi wachanga wote hawana mabawa kamili. Lakini sivyo, huyu amekwisha kukua, na jike lake hutaga mayai udongoni kama panzi wengine. Sababu za hali hiyo si ngumu kufahamu. Mabawa na misuli yake hutaka chakula kingi. Mwili mdogo wenye baridi hauwezi kuruka angani mpaka upate joto. Tena upepo wa mlimani waweza kumtupa arukaye mbali na majani yake. Basi miguu ya nyuma humtosha.

Ukosefu huo wa mabawa umezaa jambo la ajabu. Panzi wa majani ya juu ya Kilimanjaro hawezi kuvuka nchi kavu ya Wamasai aende Meru. Kwake nyanda za joto ni kama bahari, na kila mlima ni kisiwa. Wataalamu hueleza kwamba zilikuwako nyakati za baridi kuu duniani, na ya mwisho ilizidi sana yapata miaka 20,000 iliyopita. Hapo majani ya baridi yalishuka chini, na viumbe vyake vikashuka pamoja nayo. Joto liliporudi majani yakapanda tena, na panzi wakayafuata, kila kundi katika mlima wake. Vizazi vikapita bila makundi hayo kuchanganyika, na tofauti zikaongezeka mpaka wakawa aina mbalimbali.

Ukoo mmoja wa panzi hao huitwa Parasphena, jina lililotolewa na Mhispania Ignacio Bolívar mwaka 1884. Katika miaka ya 1905 na 1906 Bwana Yngve Sjöstedt wa Sweden aliongoza safari ya uchunguzi katika Kilimanjaro na Meru, akarudi kwao na wadudu wengi sana. Mwaka 1948 Bwana D. Keith McE. Kevan, ambaye baadaye alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha McGill huko Canada, alitoa maelezo marefu juu ya ukoo huu. Majina ya aina nyingi hutaja makao yao: meruensis ni wa Meru, ngongensis wa vilima vya Ngong, chyuluensis wa Chyulu. Wala kazi haijakwisha, maana Bibi Claudia Hemp wa Ujerumani, aliyeanza kuwachunguza panzi wa Kilimanjaro na jamaa zao katika miaka ya 1990, ametoa majina kwa aina nyingi mpya za milima ya Tanzania na Kenya.

Kusema tu kwamba panzi fulani ni mpya hakutoshi, sharti kuthibitisha. Kwanza hukusanywa madume na majike waliokomaa. Kila mmoja huchomwa pini na kuwekewa kikaratasi chenye jina la mahali, urefu wa mlima, tarehe na jina la aliyemkamata. Mdudu asiye na kikaratasi hicho hana thamani kubwa, hata akiwa mzuri namna gani. Kisha hulinganishwa na wale waliohifadhiwa katika majumba ya makumbusho ya Nairobi, London, Berlin na Stockholm. Rangi haiaminiki, kwa kuwa aina moja yaweza kuwa na panzi wa kijani na wa kahawia. Kwa hiyo mtaalamu hupima miguu na kichwa kwa milimita, na kutazama kwa darubini viungo vya uzazi vya dume, ambavyo mara nyingi hutofautiana kwa kila aina. Siku hizi huchunguzwa pia chembe za urithi.

Akiisha kuridhika, huchagua panzi mmoja kuwa shahidi wa jina. Huyo huwekwa katika jumba la makumbusho, ili mwenye shaka miaka mia baadaye aende akamtazame. Jina lake huwa la maneno mawili, la ukoo na la aina, kwa desturi ya Linnaeus wa Sweden, ambaye kitabu chake cha mwaka 1758 ndicho mwanzo wa majina ya wanyama. Jina likichapishwa pamoja na maelezo, wataalamu wa nchi zote hulitumia, na kwa kawaida la kwanza ndilo lishindalo.

Huenda mtu akauliza faida yake. Nzige walipoingia Kenya mwishoni mwa mwaka 2019, ilionekana tena jinsi ilivyo lazima kumjua adui kwa hakika. Panzi wa milimani si adui. Hawezi kuunda kundi la kuvuka nchi. Yeye mwenyewe ndiye aliye katika hatari. Moto umeteketeza vichaka vya juu vya Kilimanjaro mara nyingi, na ule wa Oktoba 2020 uliwaka siku nyingi. Ndege huruka akakimbia, lakini panzi huyu hubaki. Akiisha mlimani mwake, hakuna ndugu wa kutoka mlima mwingine aje kujaza nafasi yake. Tena joto la dunia likizidi kupanda, majani ya baridi husogea juu, ambako mlima ni mwembamba.

Kwa hiyo mrina asali, mchungaji na mpagazi wawashao moto huko juu, na wauzime kabisa kabla ya kuondoka. Katika majani hayo yawezekana yuko panzi ambaye bado hajapewa jina, wala hana makao mengine duniani.