UZI: Kabla hujauliza kama ziwa linaonekana dirishani, uliza choo kinamwaga wapi

1.
Wanakusini wenzangu! Nesi wenu wa Lisekese nimerudi. Leo sigusi presha wala kliniki ya wajawazito. Leo ni likizo, na najua nitagombana na baadhi yenu. Naomba tuvumiliane mpaka mwisho wa uzi.

Kila mwaka hela ya korosho ikianza kuingia kwenye akaunti za watu, inboksi yangu inajaa swali moja: "Dada nesi, tunataka kwenda Ziwa Nyasa na watoto, tufikie wapi?" Miaka ya nyuma swali hili halikuwepo, maana barabara ilikuwa adhabu. Sasa ni lami: Masasi, Tunduru, Namtumbo, Songea, Mbinga, halafu zile kilomita 66 za kona na milima mpaka Mbamba Bay. Ni zaidi ya kilomita 600, lakini unafika ukiwa mzima.

Ukiuliza kwenye magrupu, wanakujibu kwa picha. Picha ya machweo, picha ya mchanga, picha ya kitanda chenye taulo iliyokunjwa kama bata. "Hapa ndo penyewe, ukifungua dirisha unaona ziwa."

Mimi nasema hivi: dirisha ndilo jambo la mwisho kabisa la kuuliza. La kwanza ni choo.

2.
Najua kwa nini tunadanganyika, na siwacheki, maana na mimi nilidanganyika. Sisi watu wa huku maji yana njaa yetu. Mtu aliyekulia Newala amesimama Shimo la Mungu akaona bonde lote lile chini yake, lakini maji ya kupikia aliyabeba kichwani au aliyanunua kwa ndoo. Mtu wa namna hiyo ukimpeleka mahali maji yanaanzia miguuni yanaishia kwenye upeo wa macho, akili inahama. Haulizi kitu. Anavua viatu.

3.
Desemba moja tulikwenda, mimi, dada yangu, shemeji na watoto wanne. Chumba nilichagua mimi. Mimi, nesi. Nilitumiwa picha tatu kwenye WhatsApp, nikatuma hela ya kushikia nafasi siku hiyohiyo. Jina la gesti sitalitaja, na msinifuate inboksi kuliuliza. Zipo nyingi kama ile, ndiyo maana naandika.

Tulifika usiku. Chandarua kilikuwa kimoja kwa vitanda viwili, tena kina tundu la kupita ngumi. Nilipouliza, kijana wa mapokezi akacheka: "Mama, huku kuna upepo wa ziwa, mbu hawaji." Asubuhi nikazunguka nyuma ya jengo. Choo kilikuwa hatua chache kutoka ufukweni, na bomba la maji machafu limeelekezwa chini, kwenye majani, na majani yale yameota majini. Mita ishirini mbele yake watoto wetu walikuwa wanaogelea na watoto wa kijiji, na kina mama wanaosha vyombo.

Nikaona. Na sikusema kitu, kwa sababu tulikuwa tumeshalipa na watoto walikuwa na furaha. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mwezi wa nne mtoto wa dada, miaka 11, akaja nyumbani akasimama mlangoni, hataki kuingia. "Mama mkubwa, nakojoa damu." Tulipima mkojo, maabara wakaona mayai ya kichocho.

Siwezi kuapa kwamba aliyapata pale. Kichocho kipo hata huku kwetu, kwenye mabwawa na mito. Ninachoweza kuapa ni kwamba nilimwona akiogelea mbele ya lile bomba, na nilinyamaza.

4.
Sasa tuelewane kuhusu kichocho, maana wengi mnadhani ni ugonjwa wa "maji machafu ya kunywa". Hapana. Mtu mwenye kichocho anakojoa majini, au choo chake kinavuja majini. Mayai yanapasuka, kinachotoka humo kinaingia ndani ya konokono wa majini. Baadaye konokono anatoa vijidudu vidogo usivyoviona kwa macho, hasa mchana jua likiwa kali, yaani saa ileile mnayopenda kuogelea. Vijidudu hivyo vinapenya ngozi. Huhitaji kunywa tone. Kusimama majini dakika chache kunatosha.

Kwa hiyo tazameni mnyororo ulivyo: mkojo, konokono, ngozi. Konokono huwezi kuwamaliza, na ngozi yako umekuja nayo. Sehemu pekee ambayo binadamu anaweza kuikata kwa uamuzi wake ni ya kwanza, na sehemu ya kwanza ni choo. Ndiyo maana nasema choo cha gesti si suala la starehe. Choo cha gesti ndicho kinachoamua ziwa la mbele ya gesti litakuwaje.

Na msiseme "ni damu kidogo tu, ni dawa tu". Kichocho kilichoachwa miaka kinaharibu kibofu, na kinaweza kuleta saratani ya kibofu. Kwa wanawake kinaingia kwenye njia ya uzazi: damu, maumivu wakati wa tendo, kukosa mtoto, na urahisi zaidi wa kupata VVU. Wapo kina mama wanaotibiwa magonjwa ya zinaa mara tatu, nne, mume anatuhumiwa, ndoa inatetereka, kumbe ni kichocho. Hebu fikiria hilo halafu uniambie tena habari ya taulo iliyokunjwa kama bata.

5.
Kuna atakayesema: "Ziwa Nyasa ni kubwa, maji yake safi, unaona mpaka chini. Kichocho ni cha madimbwi."

Maneno haya si mapya. Ng'ambo, upande wa Malawi, kuna ufukwe maarufu unaitwa Cape Maclear. Kwa miaka mingi watalii waliambiwa pale hakuna kichocho. Mwaka 1992 Wamarekani wawili waliokuwa wanajitolea Malawi waliugua vibaya: kichocho kilikuwa kimefika kwenye mfumo wa fahamu. Walikuwa wameogelea pale. Wageni wanaoishi Malawi walipopimwa damu, karibu theluthi moja walikutwa na dalili za kuambukizwa. Hao ni watu wa maji ya bomba na nyumba nzuri. Walichofanya ni kwenda ziwani kupumzika.

Na ile hoja kwamba konokono wako kwenye majani tu, si kwenye mchanga mweupe? Kulekule Malawi watafiti walikuta konokono wa kichocho anayeishi kwenye mchanga, ufukwe wa wazi kabisa. Wanaamini aliongezeka baada ya samaki wanaokula konokono kuvuliwa kupita kiasi. Maji kuwa maangavu hakukuhakikishii lolote. Picha haina kipimo cha maabara.

6.
Haya, maswali ya kuuliza kabla ya kutuma hata shilingi. Yaandike, uyatume kwenye simu ya mwenye gesti.

Moja: choo kinamwaga wapi? Unataka kusikia "shimo" au "tanki la maji taka", liko mbali na ufukwe. Omba picha ya nyuma ya jengo. Anayeweza kukutumia picha ya machweo anaweza kukutumia na ya nyuma.

Mbili: maji ya kuogea yanatoka wapi? Kama ni kisima au bomba la mradi, vizuri. Kama yanavutwa ziwani, yanakaa kwenye tenki muda gani? Vile vijidudu havidumu nje ya konokono. Maji yaliyotulia siku mbili kwenye tenki lililofunikwa yana nafuu kubwa. Kuvuta asubuhi na kuoga asubuhi hiyohiyo ni sawa na kuingia ziwani.

Tatu: vyandarua ni vingapi, vizima? Kila kitanda. Mwambao ule ni wa joto na malaria ipo. Nyumbani unalala ndani ya chandarua cha kliniki, safarini unalala wazi kwa sababu umeambiwa kuna upepo! Kama huna uhakika, beba cha kwako. Kinakaa kwenye begi kama shuka.

Nne: hospitali au kituo cha afya kiko umbali gani, na usiku kuna usafiri? Ukiwa na mjamzito au mtoto chini ya miaka mitano, swali hili linapanda namba moja.

Tano: mamba na kiboko. Muulize mvuvi, usimuulize anayekuuzia chumba. Karibu na midomo ya mito usiogelee kabisa.

7.
Hoja ya kwanza dhidi yangu: "Dada nesi unaua biashara za wenzetu." Si kweli. Ninayemdhuru ni mwenye bomba linaloelekea ziwani, na hata huyo namwonesha njia. Mwenye gesti ya vyumba vinne aliyechimba shimo zuri na kununua vyandarua vipya, leo nani anamsifu? Hakuna, kwa sababu dirisha lake linatazama mlima. Mnampita mnaenda kwa mwenye mandhari. Sisi wageni ndio tunaowafundisha wenye gesti kitu cha kuweka hela yao. Tukiuliza dirisha, watajenga madirisha. Tukiuliza choo, watajenga vyoo.

Hoja ya pili: "Basi nenda hoteli ya bei kubwa, yaishe." Bei haichuji maji. Ghali au rahisi, ziwa ni lilelile. Bei kubwa isiyojibu swali la kwanza ni bei kubwa tu.

Hoja ya tatu ndiyo inaniudhi: "Mbona wenyeji wanaoga humo kila siku?" Ndiyo, wanaoga, na watoto wao wanaugua, na hawana begi la kufungasha Jumapili jioni. Wewe unaondoka, bomba linabaki kwa yule mama anayeosha vyombo. Ukilala pale bila kuuliza, umelichangia.

8.
Na sisi tusijifanye malaika. Nimesema kichocho kipo huku. Basi kuna mtu anatoka Masasi nacho bila kujua, anaingia ziwani, anakojoa mlemle, watoto wanacheka. Huyo amepeleka zawadi. Unaona mkojo wa rangi ya damu au unasikia maumivu ukikojoa? Pima kabla ya safari. Na hata ukiwa mzima, toka majini, nenda chooni. Mtoto afundishwe hivyo tangu siku ya kwanza.

Ukiwa umeshaingia majini, usipaniki. Kujifuta taulo haraka si kinga ya kutegemea. Subiri angalau wiki 6 hadi 8, nenda kapime, useme wazi: "Niliogelea Ziwa Nyasa tarehe fulani." Dawa, prazikwanteli, inaua minyoo iliyokomaa, michanga inaweza kuponyoka, kwa hiyo kumeza siku ya kurudi kunaweza kukudanganya. Lakini homa baada ya safari haisubiri. Homa ni kipimo cha malaria siku hiyohiyo.

9.
Sasa, tufikie wapi? Sitataja gesti. Nitataja namna ya kuchagua.

Mbamba Bay ni rahisi kwetu kwa barabara, na vyumba ni vingi, kwa hiyo una nafasi ya kukataa. Itumie. Liuli, kaskazini kidogo, ina hospitali ya misheni ya Mtakatifu Anna, na lile jiwe la Pomonda lililowafanya Wajerumani waite bandari ile Sphinxhafen. Agosti 1914 meli ya Waingereza iliishambulia meli ya Wajerumani palepale. Familia yenye mtoto mdogo, mimi ningeitazama Liuli kwanza kwa sababu ya hospitali, historia iwe nyongeza. Matema, kule Kyela, milima ya Livingstone inaingia majini na vyungu vya Wakisi vinauzwa sokoni, nako ipo hospitali ya Walutheri. Ila kwetu ni mzunguko mrefu kupitia Njombe na Mbeya.

Kote huko maswali ni yaleyale matano.

10.
Sisemi msiende. Nendeni! Ni ziwa letu, na mtoto wa Newala ana haki ya kuona maji yasiyopimwa kwa ndoo. Nimerudi mwenyewe mara mbili. Mara ya pili nililala chumba kinachotazama ukuta wa jirani. Choo kilikuwa na shimo mbali, upande wa mlima, chandarua kipya, na mwenye nyumba alinionesha vyote viwili bila kuombwa mara ya pili. Ziwa nililiona kwa kutembea dakika tano. Halikuwa limepungua.

Mtoto wa dada alipona. Anauliza kila mwaka lini tunarudi. Safari hii maswali atauliza yeye, nimeshamfundisha.

Tuma uzi huu kwenye grupu la familia kabla hawajatuma hela ya chumba. Na wewe mwenye gesti unayesoma hapa kimya kimya: tuma picha ya nyuma ya jengo. Iweke ya kwanza, kabla ya machweo.