Kipimo cha Mlangoni

Ndugu zetu wana-Bukavu mlioko ughaibuni, maadamu Noeli inakaribia na kila mwenye uwezo amekwisha anza kuulizia nauli ya kwenda kuwaona wazee, twaona vema tuseme neno juu ya kitu kidogo ambacho aghalabu husahauliwa sandukuni, nacho ni kipimo cha haraka cha antijeni cha korona.

Wengi watakumbuka Juni 2020, pale Daktari Denis Mukwege wa Hospitali ya Panzi alipojiuzulu katika kamati ya kupambana na korona ya Kivu ya Kusini, na miongoni mwa sababu alizozitaja hadharani ni kwamba majibu ya sampuli zilizopelekwa maabara ya taifa ya INRB, Kinshasa, yalikuwa yakikawia zaidi ya majuma mawili. Tabibu afanye nini na jibu la namna hiyo, ilhali mgonjwa ama amekwisha pona ama amekwisha zikwa, na waliokula naye sahani moja wametawanyika mitaa ya Kadutu na Bagira na ng'ambo ya mto Ruzizi? Septemba ya mwaka uo huo Shirika la Afya Duniani (WHO) liliidhinisha kwa dharura kipimo cha kwanza cha antijeni, kisichotaka mashine wala umeme.

Kijiti cha pamba huzungushwa katika tundu zote mbili za pua, kikakorogwa ndani ya kichupa cha dawa, matone machache yakadondoshwa, kisha mtu akangoja kiasi cha robo saa. Mstari wa C waonyesha kwamba kipimo chafanya kazi. Wa T ukijitokeza, hata uwe hafifu kama wino uliofuliwa, virusi vimo. Atakayekwenda kupika akarudi kusoma baada ya saa nzima, natija yake haina itibari.

Walakini kipimo hiki huona virusi vikiwa vingi tu. Sharti la WHO lilikuwa kwamba, katika kila wagonjwa 100 ambao kipimo cha maabara cha PCR huwatambua, kiwatambue wasiopungua 80. Basi mstari mmoja si hati ya amani, na mwenye mafua hana budi kukirudia baada ya siku mbili. Seuze kile ulichopima Brussels kabla ya kupanda ndege! Tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipoutwaa uwanja wa ndege wa Kavumu na kisha mji wa Bukavu, wengi wetu hupitia Kigali na Rusizi, upande wa Rwanda, tumebanana garini na watu tusiowajua. Kipimo chenye maana ni cha asubuhi ile utakayobisha hodi kwa wazee. (Hakitaki joto lipitalo digrii 30; Bukavu, iliyo mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, haina neno, ila buti ya gari ni shauri jingine.)

Na mstari wa T ukitokea, kumwambia Mama aliyekungoja miaka kwamba utamsalimu kutoka uani si jambo jepesi, na hawatakosekana wa kunong'ona kwamba Ulaya imekutia kiburi. Tuwaache wanong'one. Mpigie simu mapema, ulale chumba cha peke yako, na akiwa na ugonjwa wa sukari au wa moyo, mwuguzi wake apewe habari siku hiyo hiyo.

Fauka ya hayo, wanaokusudia kuvichangia vituo vya afya vipimo hivi waisome kwanza tarehe iliyopigwa kwenye boksi. Vilivyokwisha muda visivushwe Ruzizi kwa jina la sadaka.